Ukurasa Nilioruka

Mama hasomi tena. Mato yake, asema, yamekuwa maziwa;
ukisimama mlangoni anakujua kwa kikohozi.
Basi Ramadhani ile, baada ya tarawehe,
nilimsomea riwaya ya Raihani na Tawfiki,
kurasa kumi kwa usiku, kumi na tano kukiwa na mahamri.
Asikiliza huku asuka ukili.
Mkono ukisimama, najua Tawfiki amekosea.

Kuna mahali, ukurasa wa mia na tisa,
Tawfiki yuko nje ya mlango wa Raihani
na hodi imemkwama kooni.
Anasimama kurasa saba.
Anahesabu misumari ya mlango,
anakumbuka deni la duka, sabuni ya marehemu babake,
anaondoka, anarudi, paka anampita.
"Na abishe, maskini!" Ukili ulimponyoka mama.
Tukalala hajabisha.
Kesho yake kutwa, na saumu zetu,
tulikuwa watu wawili wenye mgeni nje
na hapana athubutuye kumfungulia.

Sasa filamu imetoka.
Mpwa wangu Famau kaileta kwenye kompyuta,
kaiweka mkekani, hapa hapa Langoni,
kazima taa, kana kwamba giza lamhusu mama.

Raihani mzuri, silikatai hilo. Mzuri mno.
Kitabuni ana jino lililopanda jingine,
nami jino lile nililipenda
kabla Tawfiki hajalipenda.

Mlango ukaja. Tukanyamaza.
Vinanda. Hodi. Kitasa.
"Kuna nini?" akauliza mama.
"Amefunguliwa."
"Mara hii?"
Famau akacheka. Mimi sikuweza:
kurasa saba zimekuwa pumzi moja,
na yule mgeni wetu wa kutwa nzima
ameingia bila hata kuvua viatu.

Lakini filamu nayo ina haki yake.
Siku Raihani aletewapo talaka,
kitabu kinasema tu, "Akakoroga chai,"
nami nililipita neno hilo
kama nipitavyo kibao cha duka.
Mle kwenye filamu vinanda vilinyamaza.
Kijiko kikazunguka. Kikagonga kikombe. Kikazunguka.
Hakuna aliyesema kitu.
Mama akashika shavu.
"Sukari imeyeyuka kitambo," akasema,
"yuwakoroga nini?"
Na mato yale ya maziwa yakatoa maji.

Kisha ikaja sehemu nyingine: vinanda tena,
pumzi, shuka.
Famau akakumbuka kwamba ana kiu.
Mama akageuza uso, si kwenye kioo, kwangu.
"Hapa hukunisomea."

Ukurasa wa mia mbili thelathini na mbili.
Nina miaka arubaini na minne, nimeolewa, nimeachika,
na bado mbele yake vidole vyangu
vilifunua karatasi mbili kwa pamoja.
"Nilijua," akasema. "Sauti iliruka
kama mtu aonapo dimbwi."
"Basi mama, leo filamu imekuonyesha..."
"Imenionyesha? Mimi?"

Famau alipokwenda zake
alinambia nilete chuo; ndivyo akiitavyo kitabu,
kwa Kiamu cha bibi zake.
Nikakitoa chini ya mto.

Kamera ilisimama mbali, miguuni pa kitanda,
ikatazama mabega na kivuli ukutani.
Kitabu kimekaa karibu zaidi.
Raihani anaficha kovu la mshono tumboni,
naye Tawfiki anauliza lilipatikana mwaka gani,
kwa upole, kama mtu aulizaye jina la mtoto.
Hilo filamu haikuwa nalo.
Pengine halipigiki picha.

Uso wanichoma, nasoma.
Nilipofika kwenye kovu
mkono wa mama ulikuwa umesimama juu ya ukili.
"Rudia hapo," akasema. "Taratibu.
Babako naye aliuliza."