Usihamishe Jiwe

Kibao nilikipaka rangi mwenyewe, Aprili,
baada ya kimbunga kukitupa mikokoni:
Usiwashe moto. Usilete mbwa. Usiokote makombe.
Ya saba, kwa herufi nyekundu: Usihamishe jiwe.
Juu kabisa, jina la kisiwa,
jina la karani fulani wa manowari
aliyekiona kwa darubini asubuhi moja, akapita.
Hakushuka hata kukojoa.

Jina lenyewe analo mjomba Clarrie.
Hulitamka akishakanyaga mchanga, si kabla,
kwa sauti ya mtu anayebisha hodi kwao:
Ni mimi wa Ida, na wajukuu zake. Msitushtukie.

Mimi ni askari wa hifadhi. Nina kofia, nina redio,
nina ufunguo wa stoo ya choo cha wapiga kambi.
Kisiwa kizima unakizunguka kwa dakika arobaini
ukipumzika mara mbili kwenye mivinje.
Hema tano, si zaidi.
Nami nikitaka kulala hapa bila sare
hujaza fomu, hulipa, kama mtu wa Melbourne.

Bibi Ida alizaliwa nyuma ya ule mtondoo.
Alikuwa na miaka sita boti ya polisi ilipokuja.
Alikalishwa kati ya magunia ya unga
akawahesabu njiwa weupe wakija upande huu
huku yeye akipelekwa upande ule.
Misheni walimpa gauni na siku ya kuzaliwa ya kubuni.
Njiwa bado huja kila Septemba kutoka Guinea Mpya.
Hawaulizwi kibali.

Wageni huniuliza: kuna nini cha kuona?
Nawaonyesha kilima cha makombe kando ya njia,
mlo juu ya mlo, kimo cha mtu mzima.
Bwana mmoja akasema, "Kumbe jalala."
Nikamjibu ndiyo, jalala, la miaka elfu mbili;
lako wewe atalikumbuka nani?
Hilo la mwisho nililisema kwenye boti,
peke yangu, injini ikinguruma.

Lakini mtego. Ukuta wa mawe uliopinda kama mkono
unaokumbatia maji yakijaa, na yakipwa
samaki hubaki ndani kama wageni waliosahau saa.
Kimbunga kilibomoa upande wa mashariki.
Mtaalamu alikuja na kamera, akapima pengo,
akaandika: uachwe ulivyo, ni urithi.
Mjomba alicheka hadi akakohoa.
"Ukuta huu haukujengwa," alisema. "Hutengenezwa.
Ukiuacha ulivyo, haupo."

Basi bamvua la Agosti, mwezi mpevu, hema zote kimya,
nilivua kofia nikaitundika kwenye kibao.
Ikaziba ya saba.
Mjomba alikaa kwenye kiti cha plastiki, maji kifundoni,
akielekeza kwa fimbo ya kuvulia;
dada yangu Rhonda na mwanawe Tyrell walibeba.
Jiwe la kwanza lilikuwa na chaza, likanikata kidole gumba.
La pili lilikataa.
La tatu lilijua pa kukaa, likashuka
kama mtu avuaye viatu baada ya safari.
"Si hilo! Geuza. Tumbo lielekee bara."
Naye hakuwahi kuugusa ukuta huu maishani.
Aliujua kwa mama yake, jikoni kule misheni,
akimpangia viazi mezani, kimoja kimoja,
na kumpiga kofi la mkono akikosea.

Usiku wa pili maji yalipokauka
tulikuta tasi tisa na kasa mchanga.
Kasa Tyrell alimvusha ukuta kwa mikono miwili.
Tasi wawili tuliwachoma kwenye boti, kwa jiko la gesi
(kanuni ya kwanza tuliiheshimu);
waliobaki tuliwafungulia mlango.

Jumatatu nikajaza ripoti.
Vibali: vitano. Takataka: mfuko mmoja. Moto: hakuna.
Penye "mabadiliko katika eneo la urithi"
nilikaa na kalamu, kidole kikiniwanga,
redio ikiniita mara mbili.
Nikaandika: Ukuta umepata nafuu.