Gumba na Kidole cha Mwisho

Ofisini Milimani, kwenye Mac ya kampuni,
kunakili ni kazi ya gumba:
linajikunja chini ya kiganja, linagonga Komandi.
Nyumbani Nyalenda, kwenye Linux
niliyoipandikiza katika kompyuta ya mtumba,
kazi hiyo ni ya kidole cha mwisho,
kile chembamba, kinachojinyoosha pembeni kusaka Kontroli
kama mtu anayepapasa ukuta stima zikipotea.

Jumanne nilikosea.
Nilitaka kunakili mstari mmoja tu
kwenye dirisha jeusi la amri.
Kontroli na C: programu iliyokuwa ikihesabu tangu adhuhuri
ikafa bila hata kukohoa.

Usiku ule sikulala. Mbu, feni, na faili moja:
hiki kiwe kile, kile kiwe hiki,
mistari arobaini na mitatu,
hadi mashine mbili zikautii mkono mmoja.
Saa tisa nikajipigia makofi, peke yangu.

Alhamisi nikatumwa zahanati ya Ahero.
Windows ya zamani, kibodi iliyofutika herufi.
Vidole vyangu vikasimama juu yake
kama wageni waliokosea nyumba.
Karani, Bi Nafuna, akanisogeza kwa kiwiko,
akabofya kulia, akasoma menyu kwa sauti: Nakili.
Akatafuta pa kuweka. Akabofya tena: Bandika.
Kuku angetaga kabla hajamaliza.

Lakini alimaliza.
"Kwani huko Kisumu mnalipwa kwa mbio?"

Faili langu lilikuwa mfukoni, kwenye flashi.
Sikulitoa.