Herufi ya Kumi

Diski imetoka kabati la chuma, ghala la Wete,
lebo imeliwa na mende,
imebaki "karafuu" na nusu ya tarehe.
Shaame kaazima kisomeo kwa fundi wa Chake,
nami natafuta programu ya bure,
maana bajeti yetu ni chai, na chai yenyewe kavu.

Ya kwanza ilinionjesha mistari kumi,
kama muuza halua na ncha ya kisu,
kisha ikataka dola.
Ya pili iligeuza kila herufi kisanduku kitupu.
Ya tatu haina hata nembo:
dirisha jeusi, maandishi meupe,
kaiandika mtu nisiyemjua, kaiacha wazi
kama mtungi wa maji barazani.

Umeme ukakatika. Ukarudi. Nikaanza upya.

Saa nane mchana ikafunguka:
kilo, makonyo, deni,
wakulima elfu mbili na mia tatu,
kila jina refu limekatwa herufi ya kumi,
waliogawa nafasi waliipima kwa kibaba.
MWANAKHAMI, kilo kumi na nne, daraja la pili.
Mamaangu.
Daraja lile alilinung'unikia hadi kufa kwake.

Na programu, kwa kutojua karne,
imesoma 91, ikaandika 2091.
Shaame kacheka: "Basi bado hajazichuma!"

Miaka nimeisahihisha yote.
Jina nimelirudishia SI yake.
Daraja nimeliacha lilivyo,
ila kidole kilikaa juu ya kitufe
mpaka skrini ikazima yenyewe.