Mstari wa Dzame

Gongoni, mwezi wa pili, jua limetushika visigino.
Leo hatukuvuna chumvi asubuhi.
Tumegawiwa aproni mpya, tukapangwa kwa kimo,
wafupi mbele, kwani kuna wageni.

Meneja katundika karatasi ukutani, pana kama shuka,
ina mstari mwekundu unaopanda
toka pembe ya chini mpaka pembe ya juu
bila kupumzika, bila kushika kiuno.
Akasema, huu ndio ukuaji:
tani za mwaka juzi, za mwaka jana, za mwaka huu.
Akasema, hongereni, ni jasho lenu.
Tukapiga makofi.
Viganja vyangu vina nyufa, na chumvi haibishi hodi;
nilipiga kwa ncha za vidole.

Mistari hiyo mimi naijua.
Ninao mmoja nyumbani, chini ya godoro,
ndani ya kitabu cha kliniki cha Dzame.
Kila mwezi nesi humpakata, humpima,
hutia nukta kwa kalamu ya bluu,
huunganisha nukta na nukta, kisha hunyamaza.
Wa Dzame haupandi.
Tangu unga uruke bei umelala chali
kama mtu aliyekuja kwa miguu kutoka Marereni.

Sisemi uongo, mambo yamekuja.
Lami imefika langoni, lori halikwami tena.
Nguzo ya umeme ina mwaka wa tatu nje ya kwangu;
tunafungia kamba ya nguo.
Mashine mpya inafunga pakiti, haiombi ruhusa ya matanga,
na Mbeyu na Nyevu, waliokuwa wakifunga kwa mkono,
wanatuuzia mihogo pale pale langoni,
kwa deni.
Kisima cha mama mkwe kimeingia chumvi.
Maji baridi huja kwa mkokoteni, dumu kwa dumu,
na siku pesa hakuna, uji hautaki kukolezwa.
Hiyo nayo akiba, alisema mume wangu.
Tulicheka, kidogo.

Mgeni mwenye tai akauliza kama kuna swali.
Nilikuwa nalo. Lilifika hapa, kooni:
mzani wa chumvi na mzani wa mtoto
vyote husema kilo,
hizi zinazozidi huku, zinapungua kwa nani?
Lakini mnyapara Kombe alikuwa akiniangalia,
na siku zangu nne bado hazijalipwa.

Jioni, dukani kwa Tsofa,
nikachukua unga wa kupima, mafuta ya kupima.
Na chumvi? akauliza.
Naijua pakiti ile, nimeibeba kwa kichwa.
Imekwenda Mombasa kwa jumla, imerudi kwa rejareja,
nauli zote mbili juu yangu.

Jumatano ni kliniki.
Nitamvika Dzame sweta zito na viatu vya kaka yake,
nimwombe nesi asimvue.
Nukta ipande,
nasi tupige makofi.