Turufu

Robota lilipokatwa kamba pale Sabasaba, mwezi wa nane,
shangazi Matika alivuta koti la mvulana,
zito, la nchi ya theluji, akalikung'uta.
Kuna kitu kikagonga ndani.
Mfuko wa siri, zipu yenye kutu,
karata arobaini na moja zimefungwa kwa mpira wa nywele.

Hazina kopa. Hazina shupaza.
Zina majoka, zina ngome zinazoelea mawinguni,
farasi wa pembe moja,
mzee ambaye ndevu zake ni mizizi,
na chini ya kila picha maandishi yenye vidoti vichwani
ambayo mwalimu Chilewa aliyasogeza karibu na miwani,
akapiga chafya, akayarudisha.

"Chezeni," shangazi akasema. "Mimi nauza nguo."

Mchezo usio na sheria huchezwaje?
Nyemo akaamua: namba ya pembeni ndiyo nguvu.
Joka jekundu, linalometa ukiligeuzia jua,
lilikuwa na kumi na mbili.
Siku tatu nzima joka likala kila kitu,
na aliyelilamba alipita Chang'ombe kifua mbele
kama mtoto wa mwenye mashine ya kusaga.

Ya nne, maji yakakatika.
Ya tano. Ya sita.
Tukachezea foleni, juu ya dumu lililolazwa,
upepo ukitaka karata zetu, vumbi likitaka macho.
Mbeleje akalamba galasa:
mwanamke wa bluu, namba moja, mtungi begani,
mto ukimfuata nyuma kama mbwa anayemjua.
Tukamzomea. Nyemo akamtupia joka juu, pa!

Mbeleje hakuachia.
"Joka lako linafanya nini?"
"Linatema moto."
"Moto."
Akatazama jua. Akatazama madumu,
ya njano, ya njano, ya njano, hadi kona ya msikiti.
"Nani hapa amepanga foleni ya moto?"

Mama mmoja mwenye ndoo mbili
akacheka mpaka kanga ikamlegea.

Basi sheria zikapinduka siku hiyo hiyo.
Mzee wa mizizi akawa anakula ngome,
maana ngome ya mawinguni ina faida gani
kama inakaa kwenye wingu na wingu halinyeshi?
Farasi tukampandisha cheo: pembe ile italima.
Joka likawa galasa.
Na yule wa bluu, turufu. Bibi akampa jina, Malenga,
kwa Kigogo ni maji, basi.
Nilipokua nikakuta Kiswahili kinamwita hivyo mtunga mashairi.
Sikushangaa sana.

Akaja kijana wa chuo kutafuta jinzi.
Akaliona joka, akachuchumaa vumbini na suruali yake safi.
Alisema wenzake hulihifadhi kwenye plastiki,
hulishika kwa ncha za vidole.
Akataja elfu thelathini, sauti ikimtetemeka.
Tukampa kabla hajafunga mdomo.
Aliondoka ameinamisha uso asionekane anacheka,
nasi tukainamisha zetu.

"Na hiyo ya bluu?" Nyemo alimkimbilia kuuliza.
"Hiyo? Ziko maelfu. Haina kitu."
Mbeleje alikuwa ameshaikalia.

Leo ninayo mimi. Vidole vimeufuta mto,
bluu imebaki kwenye kiwiko na ukingo wa mtungi.
Mbeleje yuko Manyoni; bomba likikauka hunipigia:
bado unayo?
Nyemo hadi leo anadai joka lingeshinda
tungezijua sheria zenyewe.

Mgongoni ina jina kwa penseli, mkono wa mtoto,
herufi mbili za mwisho zimebanwa kwa kukosa nafasi.
Sijui kama alilitafuta koti lake.
Sijui kwake hii ilikula nini, ililiwa na nani.
Kwao, nadhani, mvua hunyesha hata isipoombwa.