Kidole Kidogo cha Kushoto

Nilishuka Moshi na kichwa cha cherehani
nimekifunga kwa khanga kama mtoto mgonjwa;
miguu yake niliiacha Newala, kwa shemeji, dhamana ya nauli.
Mama Aikaeli wa Pasua akanipa chumba cha uani:
kodi ya miezi sita, maji kwa zamu,
"na kesho nenda kwa mwenyekiti, ujulikane."

Kujulikana kuna foleni.
Bwana Kundaeli anatunza daftari la mtaa
ndani ya mfuko wa mbolea, panya wasilisome.
Akaandika: Somoe Mtipa, fundi nguo, katokea Kusini.
"Kusini ipi?"
"Zinakotoka korosho."
Akagonga muhuri mara mbili, wa kwanza ulikosa wino.
Elfu mbili. Nikaomba risiti.
"Risiti ni huo muhuri, mama."

Barua ile ikazaa.
Manispaa wakataka namba ya mlipa kodi,
mapato wakataka mkataba wa pango,
na Mama Aikaeli hajaandika mkataba tangu azaliwe.
Akauandika kwenye karatasi ya daftari la mjukuu;
upande wa pili kuna hesabu za kugawanya,
mbili kakosa.

Kodi ya chumba, kodi ya serikali:
neno moja, mifuko miwili, na yote si yangu.

"Kadiria mauzo yako ya mwaka," alisema binti wa dirisha la nne.
Mwaka! Nina siku kumi na tisa hapa,
nimeshona sketi mbili za shule
na kupunguza suruali ya mlinzi.
Nikataja kiasi, kama watu wanavyotaja umri wa marehemu.
Akaandika. Kompyuta ikaamini.
Sasa nadaiwa kwa magauni
ambayo bado ni pamba shambani.

Kila mtu ananionyesha mlima.
"Uko pale," wanasema, kidole kwenye wingu.
Naitikia.
Nimeshazoea kulipia nisichokiona.

Kisha wakaja wa daftari la wapiga kura,
shule ya msingi, chumba cha darasa la pili,
sisi watu wazima tumekalia madawati ya magoti.
"Weka gumba."
Nikaweka. "Tena. Futa kwenye nguo. Tena."
Kijana akatazama mashine, akatazama mikono yangu,
ncha zote laini kama mgongo wa kijiko.
Sikumweleza miaka tisa ya kubangua,
mafuta ya ganda yanavyokula ngozi taratibu, kama mkopo,
na mama akisema, tia majivu, zitaota nyingine.
Foleni ikaanza kuguna.
Bibi mmoja nyuma yangu, ndizi kapakata,
akasema, "Mpe hicho kivivu, mae."
Kidole kidogo cha kushoto,
kinachokaa pembeni wenzake wakifanya kazi.
Taa ikawa kijani.

"Mara ya kwanza ulijiandikisha wapi?"
Nikamtajia. Akabonyeza.
"Kule tumekutoa,"
kwa sauti ileile ya kuita anayefuata.
Kule, ukutani kwa mtendaji, nilikuwa chini ya jina la mama.
Mama walimfuta mwaka juzi, kwa kufa.
Mimi leo, kwa kuhama.
Mashine haina vitufe viwili.

Nikatoka na kadi, ina joto bado,
pichani jicho moja nimefumba.
Mvua ilikuwa imepita, mtaro umefurika
hadi mlangoni kwa muuza maandazi;
tunavuka kwa ubao mmoja, viatu mkononi.
Juzi ningesema, mtaro wao huu.
Nikasimama katikati ya ubao
nikamsema diwani, kwa jina lake na la baba yake,
kwa sauti ya sokoni,
na hakuna aliyegeuka kuuliza
mgeni huyu ni nani.