Ulimi wa Kengele

Kengele waliibeba Esuon na Badu kwa mti mmoja,
ulimi wake umefungwa gunia
isije ikalia msituni kabla ya ruhusa ya mfalme.
Mimi, Kobina Egyir, nilibeba maneno ya Mchungaji Tregear,
na kwa mizani ya wapagazi hicho si kitu.
Kila tulipotua walinicheka:
"Egyir huyo, anatembea mtupu kama mkwe."

Mchungaji alikuwa kwenye machela,
buti zimening'inia nje kama ndizi zilizoiva mno,
akiimba zaburi kwa meno yanayogongana.

Ng'ambo ya Pra tulizuiwa.
Siku thelathini na nne wajumbe walikwenda, wakarudi,
wakaenda tena.
Mchungaji alihesabu siku kwa kuchanja mwimo wa mlango;
usiku mmoja homa ilimpanda akachanja mara mbili,
na tangu hapo tukasali Jumapili siku ya Jumamosi.
Sikumwambia.
Nilidhani Mungu hana haraka na tarehe.

Hatimaye pembe za ndovu zikalia,
miavuli ikapanda na kushuka juu ya vichwa,
tukaketishwa juani.
Mfalme wa Nkwantaso hasemi na mgeni.
Humwambia Nsiah, msemaji wake, mwenye fimbo iliyovikwa dhahabu;
Nsiah huniambia mimi; mimi humwambia Tregear.
Neno lilipita kama ndoo kwenye nyumba inayoungua,
kila mkono ukimwaga kidogo.

Tregear alisema: dhambi.
Nikatafuta. Kuna neno linalonuka damu,
kuna jingine linalonuka deni.
Nikampa la deni. Deni hulipika.
Hakuna aliyeshika upanga.

Kisha mfalme akauliza, na Nsiah akanitazama
kabla hajanikabidhi swali:
"Watu wa meli, walionunua dada ya bibi yangu
kwa pipa la pombe na kioo,
Jumapili walikuwa wakisali kwa nani?"

Jasho la kengele lilidondoka,
au lilikuwa langu.
Nikamgeukia Mchungaji, nikasema kwa lugha yake:
"Mfalme anaulizia hali ya wazee wako."
Uso wake ukang'aa. Akanyanyua mkono:
"Wote wamelala katika Bwana!"
Nikamgeukia Nsiah:
"Anasema wamekufa."

Mfalme hakucheka. Alikaa kimya muda wa kutafuna kola moja,
akasema kengele ibaki, shule isubiri,
na ulimi ule usifunguliwe
mpaka aambiwe unamwita nani.

Usiku Nsiah alikuja mwenyewe, bila fimbo,
akaketi kizingitini kwangu, akanigawia ugoro.
Tulipiga chafya kama ndugu.
"Mimi pia humwaga," alisema.
"Lakini lile la leo hukulimwaga. Umelificha.
Litakuzidi uzito njiani."

Tulirudi pwani bila kengele.
Esuon na Badu walitembea wakirusha mti wao hewani,
wakiudaka, wakishindana.
Tregear aliandika barua ndefu kwa waliomtuma:
mfalme mpole, mlango umefunguka nusu.
Akaniomba nimhakikishie tahajia ya Nkwantaso.
Nikamhakikishia.

Kwenye kivuko cha Pra nililazimika kukaa chini.
"Una nini, Egyir?" Badu aliuliza. "Mbona hujabeba kitu?"